Historia ya Mama Pindo, Dada Aliyepewa Nusu Dozi

Ndugu waombolezaji, anayesimama mbele yenu ni mdogo wake marehemu, yule mwenye duka la dawa, aliyekataa mara mbili kazi hii ya kusoma, na familia ikasema hapana, ni yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958, mtoto wa kwanza wa mpiga chapa na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akajifunza ushonaji miaka miwili, na Januari 1975 akaajiriwa kiwanda cha sare, alikokaa miaka thelathini na minane, wakamwita Mama Pindo kwa sababu hakuweza kuliacha pindo lililokwenda upande, hata la bibi harusi anayepita ukumbini.

Tarehe 20 Desemba 1980 aliolewa na fundi seremala, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, wa 1982, wa 1985, na kitinda mimba wa 1991, ambaye ni muuguzi.

Kuanzia 2009 marehemu alisumbuliwa na maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa kuwa kazini hakupata nafasi ya kwenda kupimwa, alipitia dukani kwa mdogo wake, naye akamkatia vidonge vya siku mbili badala ya saba, bila cheti cha daktari, akimwambia, "Dada, ukipata nafuu acha, usijichoshe tumbo." Mchezo huo ulirudiwa miaka kumi na mitatu, leo dawa hii, kesho ile. Mwaka 2016 kitinda mimba alisema, "Mjomba, dozi haikatishwi," akajibiwa kwamba mjomba alianza kuuza dawa yeye hajaota meno.

Tarehe 3 Februari 2023 marehemu alilazwa na homa kali, vijidudu vimeshaingia kwenye damu. Maabara wakaviotesha, wakavijaribu kwa dawa nane, saba zikagonga mwamba, na ya nane ikakuta figo zimeshachoka. Daktari alieleza taratibu kwamba dawa huua kwanza vijidudu dhaifu, na ikitumiwa ovyo hubaki vile sugu, vingine huivunja, vingine huitema nje, kisha huzaana na hata kupeana usugu huo. Mdogo wa marehemu alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, hakuthubutu kumtazama shemeji yake.

Tarehe 11 marehemu alimwita mdogo wake kitandani, akamwambia, "Usiwadanganye watu kuwa ni presha. Waambie, maana kesho watakuja dukani kwako." Alifariki tarehe 16, saa tatu asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotufulia mashuka, na washonaji wenzake walioshona nguo aliyovaa leo. Nanyi mliokatiwa vidonge viwili vitatu na huyu anayesoma, mnaombwa radhi, na mkiumwa nendeni mkapimwe.

Dada, pumzika kwa utulivu. Kosa halikuwa lako.