Siméon Syauswa na Kasanduku ka Kilimani

Siméon Syauswa alizaliwa Luofu tarehe 14 Machi 1951, asubuhi ya ukungu. Ukungu huo hakuuacha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi palepale Luofu, kisha ufundi wa umeme Butembo, akapata diploma mwaka 1971. Alifungua hukohuko Butembo karakana ya kutengeneza redio. Mwaka 1997 alikabidhiwa relais, kile kisanduku cha chuma kilimani kinachopokea sauti ya phonie, redio ya kuitana, kutoka Beni na kuifikisha Butembo, na ya Butembo kuifikisha Beni. Alipanda huko alfajiri, akakaa karibu nacho kana kwamba kina ndoto za kusimulia. Sisi wadogo zake tulimcheka sana.

Tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Anne-Marie Kavugho. Oktoba 2002 Anne-Marie alikwenda Mambasa kumsaidia dada yake aliyejifungua, na vita vikafunga njia. Kila asubuhi kituo cha Beni kilisoma kwa phonie majina ya waliotoka msituni wakiwa hai. Siméon, kwa hofu ya ukungu, alikizungushia kisanduku mpira wa baiskeli, akaziba kila upenyo kwa nta ya mishumaa. Kumbe unyevu ulikuwa umeshaingia. Usiku wa baridi kisanduku kilitoka jasho kwa ndani, na relais ikanyamaza siku nne. Katika siku hizo nne jina la Anne-Marie lilisomwa, na huku Butembo hakuna aliyelisikia.

Wiki zikapita bila jina lake, tukaamini amekufa, tukakaa matanga. Tarehe 21 Desemba Anne-Marie aliingia uani kwa miguu yake, akakuta akina mama wanaimba.

“Lakini, munalilia nani?”

“Ni weye,” Siméon alijibu. “Ni miye niliziba kasanduku.”

Alipoelezwa yote, Anne-Marie alimwambia mumewe: “Baba Ornella, maharagi mubichi unaifungaka mu mufuko? Inaoza! Acha kasanduku kapumue.”

Basi Siméon alitoboa tundu dogo chini ya kisanduku, akaulegeza waya unaoingia ndani yake ushuke kidogo ili matone ya mvua yadondoke kabla ya kuingia, akaweka ndani kifuko cha makala, yaani makaa makavu ya kunyonya unyevu, cha kubadilishwa kila Jumamosi. Kisanduku hakikunyamaza tena.

Februari 2003 kifua kilianza kumsumbua. Hospitalini aliuliza jambo moja tu: “Makala mulibadirisha?” Anne-Marie ndiye aliyepanda kilima kila Jumamosi. Siméon alifariki nyumbani, Jumanne tarehe 3 Juni 2003, alfajiri. Inatuuma sana.

Ameacha mjane, Anne-Marie. Watoto watatu, Ornella, Élysée na Salomon. Mdogo wake Ananie, ninayesoma haya. Na dada yetu Emérence wa Beni, aliye hapa mbele yenu. Jana saa moja asubuhi jina la Siméon lilisomwa kwa phonie kutoka Butembo, kupitia kisanduku chake, na Emérence akalisikia kule Beni, lote, bila kukatika.

Kaka, ulale pakavu, kwa amani.