Wasifu wa Marehemu Kornelio Nandonde, Mtu wa Shanga Zisizo na Kifungo

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Rutamba, nanyi mliotoka Lindi, Mtwara na Kilwa kuja kutusindikiza, poleni na safari na asanteni kwa kufika.

Kwa desturi wasifu huu ulipaswa kuandikwa na mdogo wa marehemu, Jonas, na Jonas aliuandika. Theresia, mke wa marehemu, aliusoma, akaukunja mara nne, akauweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Huu mlioushika mikononi ameuandika Theresia mwenyewe, na ndiye anayeusoma. Mtu aliyelala na marehemu miaka thelathini anamjua kuliko mtu aliyekuwa akija kuazima pikipiki. Jonas atanisamehe, na asiponisamehe tutaonana nyumbani.

Marehemu Kornelio Yohana Nandonde alizaliwa tarehe 8 Septemba 1968 hapa Rutamba, mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Yohana Nandonde na Bibi Anjelina, ambaye yupo hapa, amekaa mbele. Bibi Anjelina husimulia kwamba mtoto yule hakulia akipakatwa na mwanamke yeyote wa kijiji hiki, awe shangazi, awe jirani, awe mpita njia aliyeomba maji. Mkewe amesimuliwa habari hiyo mara nyingi na hajawahi kuifurahia.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kuanzia mwaka 1976 hadi 1982. Wenzake aliosoma nao wanakumbuka siku walipokamatwa katika shamba la korosho la shule, midomo imelowa maji ya mabibo, yale matunda yanayobeba korosho. Mwalimu alipouliza nani kaiba korosho, Kornelio alisimama akasema hakuna aliyeiba korosho, kwa kuwa korosho zote wameziacha chini ya mti, wao wamekula mabibo tu, na kibao cha shamba kimeandikwa shamba la korosho. Alichapwa fimbo nyingi kuliko wenzake. Msichana mmoja wa darasa lake alimpelekea maji ya baridi ya kunawa mikono iliyovimba. Jina lake mkewe analijua na halitasomwa hapa.

Baada ya sekondari, aliyoimaliza mkoani Mtwara mwaka 1986, alikaa nyumbani akilima na baba yake. Mwaka 1991 alikwenda Dar es Salaam kusomea uwakala wa forodha, na mwaka uliofuata alipata kazi Mtwara, bandarini. Mwaka 2003 alifungua ofisi yake mwenyewe pale Lindi mjini, chumba kimoja chenye feni, na ofisi hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wake.

Wengi wetu tulidhani wakala wa forodha ni mtu wa kugongesha mihuri. Kazi yake hasa ilikuwa kuainisha. Kila kitu kinachoingia nchini kina sura yake katika kitabu cha ushuru, na sura hiyo ndiyo inayoamua mwenye mzigo atatozwa kiasi gani. Wenzake walikimbilia matrekta na saruji. Yeye aliangukia kwenye vitu vya kutengenezea mapambo: ndoano za hereni, vifungo vya mikufu, shanga za kila rangi. Wateja wake walikuwa kina mama wanaotengeneza mapambo ya kuwauzia wageni, hasa kikundi cha Bi. Umi wa Kilwa Masoko. Mezani, ugali ukipoa, alikuwa akimweleza mkewe kwamba shanga ya kioo ikiwa peke yake iko sura ya sabini, kifungo cha chuma kikiwa peke yake kiko sura ya themanini na tatu, lakini ukivitunga pamoja vikawa mkufu, vyote vinahamia sabini na moja, vinaitwa vito vya kuigiza na ushuru unapanda. Mkewe alimuuliza yeye yuko sura ya ngapi. Akasema atamtafutia. Hakumtafutia mpaka amekufa.

Ndoa yao ilifungwa tarehe 26 Novemba 1994. Theresia ni mtu wa Kilangala, na siku ile alikuwa na kiuno cha kutazamwa, wenye macho wanajua. Mungu aliwajalia watoto wawili, Flora na Yohana. Marehemu alikuwa mume mpole, hakunywa, hakupiga, na mshahara ulifika nyumbani. Lakini alikuwa mkavu wa maneno. Mke angevaa khanga mpya, akapita mbele yake kwenda na kurudi, na yeye ameinamia shanga moja kwa lenzi, anaigeuza kama mtu anayetafuta kidonda. Mkewe anasema wazi mbele ya kaburi hili kwamba aliona wivu. Alizionea wivu shanga kabla hajapata mtu wa kumwonea.

Mtu huyo alipatikana mwaka 2019. Alihamishiwa Mtwara afisa wa forodha mwanamke, Bi. Warda Bakari, mzaliwa wa Kilwa Kivinje. Kuanzia hapo, kila mzigo wa mapambo ulikuwa na Warda ndani yake. Warda kasema hivi, Warda kakataa vile. Marehemu, ambaye nyumbani tulimtoa neno kama mtu anavyotoa mwiba, alikuwa akirudi kutoka Mtwara anacheka peke yake.

Jioni moja mkewe alikuwa uani anaanua nguo, akamsikia akizungumza na simu upande wa pili wa ukuta. Alisema, "Warda, nakuomba, zile shanga usizikate uzi mpaka nije."

Ndugu zangu, sisi ni watu wa pwani hii. Tumechezwa unyago, na wasiochezwa wameoa waliochezwa. Baba Paroko atuwie radhi, lakini kila mwanamke aliyeketi hapa anajua shanga zenye uzi ni zipi, zinavaliwa wapi, na mwanamume anayezungumzia uzi wake anatoka wapi au anakwenda wapi.  Mkewe aliingia ndani, akafungua kopo lake la shanga, akakuta utungo wake mmoja mwekundu haupo.

Marehemu aliondoka alfajiri kwenda Mtwara. Aliporudi, mkewe alifua suruali yake, na mfukoni akaukuta ule utungo mwekundu, wa kwake mwenyewe, alioutunga kwa mkono wake. Alimfuata nao barazani, akamwuliza shanga zake zimekwenda Mtwara kufanya nini. Marehemu alizitazama, uso ukamwiva, akajibu neno moja tu, "Sampuli." Alipobanwa zaidi akasema ni mambo ya sura ya sabini, hataelewa.

Mkewe alielewa vizuri sana. Alielewa kwamba shanga zake zimekwenda kupimwa kwenye kiuno cha mwanamke mwingine. Alibeba sufuria zake, akaenda kwa dada yake Kilangala, akakaa huko msimu mzima wa korosho. Marehemu alimfuata mara kadhaa, akaapa kwa Mungu na kwa marehemu baba yake kwamba hakuna jambo, lakini habari ya shanga hakuieleza. Mwishowe alikuja na Jonas, na mke alirudi kwa ajili ya watoto, na kwa ajili ya mvua, maana nyumba ya dada ilikuwa ikivuja. Swali lile lilirudi naye na lililala katikati ya kitanda chao miaka yote iliyofuata.

Marehemu alianza kuugua figo Juni mwaka jana. Alilazwa hospitali ya mkoa mara tatu. Mkewe alimpikia uji, akampikia mchuzi wa kuku wa kienyeji, akavikataa vyote, hana hamu. Mwezi Februari mwaka huu alikuja Bi. Warda na chombo cha wali wa nazi. Aliamkia, "Shikamoo, dada," na mkewe aliitikia marahaba kwa kuwa salamu haikataliwi. Marehemu alikula wali ule, kijiko baada ya kijiko, akaomba na ukoko. Ukimwuguza mumeo kwa miezi minane, halafu ukaona anaomba ukoko kwa mwanamke mwingine, utajua kuna maumivu ambayo hospitali haina dawa yake.

Marehemu aliaga dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 13 Machi 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Mkono wa Theresia, si wa mtu mwingine. Liandikwe hivyo.

Hapa ndipo habari katika wasifu wa Jonas ilipoishia, ikabaki orodha ya walioachwa. Huu unaendelea kidogo.

Jana mchana Bi. Warda alifika msibani. Alivua viatu, akaketi mkekani na kina mama, akalia. Mkewe alimwacha alie, kisha akamwita chumbani na kumwuliza bila kuzunguka kama alivaa shanga zake.

Bi. Warda alifuta machozi. Kisha akasema, "Dada yangu, mumeo hakukwambia? Basi mimi niliapishwa nisiseme, lakini aliyeniapisha ndiye huyo tunamzika."

Akaeleza. Mwaka ule kikundi cha Bi. Umi kiliagiza maboksi ya shanga za kioo kutoka India, zimekuja zimetungwa kwenye nyuzi ndefu, ncha zimefungwa fundo, hazina kifungo. Marehemu aliziandika shanga tupu, sura ya sabini, kwa hoja kwamba mkufu ni mpaka uwe na kifungo, na uzi ule ni wa kusafiria tu. Mtu wa bara angempitishia. Bi. Warda ni wa Kivinje. Alichomoa utungo mmoja, akauzungusha kiunoni juu ya gauni lake, akamwambia hizi zimekamilika, ziko tayari kuvaliwa, na hazina kifungo kwa sababu hakuna mwanamke wa pwani anayeweka kifungo huko. Akataka kuziingiza sabini na moja. Kwa ushuru wa sura ile, kina mama wa Kilwa wangeuacha mzigo bandarini na kikundi kingekufa.

"Akaniambia nisikate uzi mpaka arudi," Bi. Warda alisema. "Akarudi na shanga zako, kazifunga kwenye leso. Anaifungua ameinamisha uso kwa haya. Akasema, 'Afisa, tazama uzi huu na ule. Mke wangu hajavaa hata siku moja utungo kama ulivyotoka dukani. Anaukata, anamwaga shanga zote siniani, anachagua moja moja, anazitunga upya kwa mshipi wa kuvulia, kwa kipimo cha kiuno chake. Hizi za India si pambo bado. Pambo ni mpaka zipite mikononi mwa mwanamke kama Theresia.' Nikauvuta ule uzi wa India, ukakatika papo hapo. Wa kwako niliuvuta kwa nguvu zangu zote haukukatika. Basi nikampitishia sabini."

Mkewe alimwuliza kwa nini basi marehemu hakumwambia mwenyewe.

"Alikuogopa, dada. Kaonyesha shanga za mkewe ofisini, angeanzia wapi kusema? Na kila mzigo wa shanga ukija alikuwa ananikumbusha habari zako. Nami nilikuwa nakuonea wivu, Mungu anisamehe. Mimi nimeolewa mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyeujua uzi ninaotungia."

Baada ya kusikia hayo, mtu angetegemea moyo wa mjane utulie. Haukutulia. Miaka thelathini alipita na khanga mpya mbele ya mwanamume aliyekuwa anaona kila kitu, mpaka aina ya uzi, na maneno yote mazuri akayapeleka Mtwara kwa afisa wa forodha. Yale yalikuwa maneno yangu. Nilipaswa kuyasikia mimi, jikoni kwangu, mikono ikiwa na unga.

Marehemu ameacha mama mzazi, watoto wawili, wajukuu watatu, na wadogo zake watatu, akiwemo Jonas. Ameacha mjane mmoja. Jonas alikuwa ameandika "mjane na marafiki wa kikazi", wote kwenye mstari mmoja. Imerekebishwa.

Bi. Warda yupo, amekaa pale chini ya turubai. Anaombwa asiondoke baada ya mazishi. Atakula nasi, kisha ataketi na mjane aeleze tena habari ile tangu mwanzo, taratibu, bila kuruka neno, maana jana mjane alikuwa na hasira na baadhi ya maneno yalimpita.

Baba Paroko ametufundisha kwamba huko aendako ndugu yetu watu hawaoi wala hawaolewi. Mkewe amelipokea fundisho hilo kwa sehemu moja tu, ile ya kutooa.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Kornelio apumzike kwa amani, peke yake, mpaka mkewe atakapofika.