Milango Minne ya Mwalimu Wegesa

Wasifu huu umeandikwa na Sarah Akello wa Nyumba ya Nne, Mwalimu Msaidizi, kwa ajili ya ratiba ya sherehe

Leo, Ijumaa tarehe 5 Desemba 2025, Mwalimu Wegesa Magige anastaafu baada ya kuwafundisha watoto wa mji huu kwa miaka ishirini na miwili kasoro mwezi mmoja hivi. Leo hii pia ametimiza miaka sitini. Barua ya ajira hakuwahi kupewa, daraja hakupandishwa, na likizo yake ya mwisho ilikuwa mwaka 2013 alipolazwa kwa malaria. Lakini kaka yake, Mzee Waitara Magige, mwenye mji huu, yaani boma letu, alisikia redioni kwamba mtumishi wa serikali hustaafu akifika sitini, akaona si vizuri serikali imzidi kwa utaratibu.

Mwalimu alizaliwa hapa hapa Nyamwaga. Alisomea ualimu, akaolewa Kisaka, wilaya ya Serengeti, akafundisha huko mpaka alipoacha kazi ili amuuguze mumewe. Mume alifariki, na kwa kuwa hawakujaliwa mtoto, mwisho wa mwaka 2003 alirudi kwa kaka yake akiwa na sanduku moja la bati.

Wageni wetu wanaotoka mbali waelewe jambo moja hapa, la sivyo yanayofuata yote yatawashangaza. Katika mji wa Kikurya kila mke ana nyumba yake, na kila nyumba ina ng'ombe wake, shamba lake na vitu vyake. Ng'ombe wa nyumba hii haendi nyumba ile. Sisi tuko wake wanne, kwa hiyo ziko nyumba nne, na watoto ishirini na saba. Dada aliyerudi hana nyumba. Mzee Waitara alimwahidi mbele ya watu: "Wewe fundisha hawa watoto. Ukimaliza kazi, nakujengea nyumba yako." Mwalimu alianza kazi Jumatatu tarehe 12 Januari 2004. Tangu hapo, kila Januari amebeba sanduku lake la bati kutoka kwa mke mmoja kwenda kwa mwingine, akikaa mwaka mmoja mmoja, ili nyumba yoyote isije ikasema ni wake.

Kusomea nyumbani hatukukuchagua kwa sababu ya usasa. Shule ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto, na wakati wa masika mto ulikuwa ndio unaoita majina. Emanueli wa Nyumba ya Pili alichukuliwa na maji hatua kama hamsini kabla ya kushika mti. Baada ya hapo Mzee alikwenda kuongea na mwalimu mkuu, wakakubaliana kwamba watoto waandikishwe kule na wafanye mitihani kule, lakini wafundishwe huku. Ilibaki kazi ndogo tu ya kuchagua mtaala.

Nasikia kwingine watu huchagua mtaala wa nyumbani kwa kulinganisha vitabu na kumwangalia mtoto anahitaji nini. Sisi tuliuchagua kwa kuangalia nyumba ya jirani imenunua nini. Mama Ghati wa Nyumba ya Kwanza aliuza dume, akaenda Tarime mjini, akarudi na vitabu vinene kuliko vyote vilivyokuwa dukani. Vilikuwa vya muhtasari uliokwisha kufutwa, lakini hakuna aliyeweza kubisha unene wake. Mama Scholastica wa Nyumba ya Pili alipata kwa masista sanduku la vitabu vya msaada kutoka ng'ambo, vyenye picha za watoto wakijenga mtu wa theluji. Mama Vincent wa Nyumba ya Tatu alikaa kimya miaka mingi, mpaka mwanawe aliyekuwa akichimba dhahabu kule Nyangoto alipomletea kishikwambi chenye masomo ndani yake, kinachoongea Kiingereza kwa sauti ya mwanamke. Mzee Waitara alikisikiliza nusu saa, kisha akakirudisha. "Hiki kimeanza kuongea bila hata shikamoo," alisema, na hajakigusa tena.

Mwandishi wa wasifu huu naye hana la kujitetea. Mimi ni mtu wa kwetu mpakani, niliolewa hapa mwaka 2008, na watoto wangu walipofikia umri wa kusoma nilijibu kwa vitabu vya Kenya alivyoniletea binamu yangu Orwa kupitia Sirari. "Hizi ziko tu sawa, hata mtoto wa chifu anasoma hizi," Orwa aliniapia. Baada ya muhula mmoja watoto wangu walikuwa wanazitaja kaunti arobaini na saba bila kukosea, na wakiulizwa makao makuu ya mkoa wa Mara wanatazamana.

Basi Mwalimu Wegesa alikuwa na mitaala minne, madarasa saba na banda moja. Mtu mwingine angerudi Kisaka. Yeye alikaa kila jioni na daftari lake kubwa la kaunta, akachukua mazoezi ya sehemu kutoka vitabu vinene, hadithi kutoka kwa masista, sayansi kutoka kwenye kishikwambi, na ramani kutoka kwangu, akihamisha mpaka. Theluji aliieleza kuwa ni mvua ya mawe iliyokataa kuyeyuka, na watoto, ambao waliwahi kuona mvua ya mawe ikilaza mahindi yote ya mama yao, walimhurumia sana yule mtu wa theluji kwa kuishi mahali pabaya hivyo.

Mgogoro mkubwa ulitokea mwaka 2009. Nchagwa wa Nyumba ya Pili alikutwa nyuma ya ghala na kitabu cha Nyumba ya Kwanza. Hakukiiba wala hakukichana. Alikuwa anakisoma. Mama Ghati alipiga yowe likasikika mpaka barabarani: "Kitabu kimetoka kwenye dume langu! Leo anasoma, kesho atakuja kunikamulia ng'ombe!" Kikao kilichukua siku mbili na mbuzi mmoja. Uamuzi ulikuwa kwamba kitabu kirudi kwa mwenyewe, na kwamba Nchagwa asijibu swali lolote la sehemu darasani mpaka mama yake anunue kitabu chake. Mtoto alitii. Kwa wiki tatu alikuwa akiulizwa nusu ya nane ni ngapi, anainama na kusema hana ruhusa.

Mwalimu hakubishana na kikao. Alichukua mbao, akazipaka makaa ya betri zilizokwisha, akazisimamisha bandani, akaanza kunakili ubaoni kila kitabu cha kila nyumba, ukurasa kwa ukurasa. Chaki alinunua mwenyewe kwa ndizi alizopanda pembeni mwa banda. Mama Ghati alipokuja kulalamika kwamba lile ni zoezi la kitabu chake, alioneshwa ubao akaulizwa kitabu chake kiko wapi hapo. Alitazama muda mrefu, akaondoka. Siku hiyo Nchagwa alijibu kwamba nusu ya nane ni nne, na darasa zima likapiga makofi. Sasa ni fundi ujenzi, na vipimo vyake havina shida.

Kulikuwa pia na suala la vijana waliotoka jandoni. Kila baada ya msimu Mwalimu alipoteza nusu ya darasa la nne, maana mwanaume aliyekwisha kutahiriwa hawezi kukaa benchi moja na watoto ambao bado. Hakuwabembeleza. Aliwatangaza kuwa wakaguzi, akawawekea benchi lao pembeni, na kazi yao ikawa kusahihisha madaftari ya wadogo. Mkaguzi wa kwanza aligundua asubuhi ile ile kwamba huwezi kusahihisha usichokijua. Walianza kusoma kwa siri, kwa bidii ambayo hawakuwahi kuionyesha walipokuwa watoto. Mzee Waitara mwenyewe alikuwa akisimama nyuma ya banda kila asubuhi akiegemea fimbo, na baada ya miaka mitatu alikutwa akisoma maandishi ya kwenye kopo la dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mpaka leo anasema hajafundishwa na mtu. Alikuwa anakagua.

Mafanikio ya Mwalimu yanajulikana. Watoto wote ishirini na saba wanasoma na kuandika, na waliofika darasa la saba wamefaulu wote isipokuwa wawili, ambao mmoja aliumwa na mwingine ni mwanangu. Tuna muuguzi, tuna mafundi, tuna dereva wa lori na binti anayesomea sheria. Ahadi ya nyumba nayo imedumu vizuri. Ilirudiwa kila Krismasi kwa miaka ishirini na moja, na haikuwahi kupungua hata neno moja.

Mwaka huu serikali imetujengea shule shikizi, yaani tawi dogo la ile shule ya ng'ambo, upande huu wa mto, ambayo itaanza Januari. Mwezi wa nane Mzee aliitisha kikao kuzungumzia kustaafu kwa dada yake. Wakati tunajadili soda na idadi ya wageni, Mwalimu aliingia na sanduku lake la bati, akaliweka katikati ya kikao, akalikalia. Katika miaka yote ile hakuwahi kudai, na ndiyo maana lile sanduku lilituumiza kuliko yowe lolote la Mama Ghati. Mzee alikohoa. "Haya," alisema, "tunajenga."

Ikaja habari ya wapi. Ardhi yote ya mji ina nyumba zake, na nyumba zina watoto wa kiume wanaoingoja. Vikao vitatu havikupata mahali. Tukakubaliana kwamba mahali patajulikana tu, kwanza kila nyumba ianze kuchangia kitu cha ujenzi kadiri itakavyoona. Nyumba ya Kwanza ikaagiza mlango wa mninga wenye maua ya kuchonga. Nyumba ya Pili iliposikia, ikaagiza mlango wenye msalaba na kioo. Nyumba ya Tatu ikaleta mlango wa mbao wa kawaida, mapema, kimya kimya. Mwandishi wa wasifu huu alileta wa chuma kutoka Sirari, wa rangi ya bluu, na alijivuna nao siku nzima. Tofali likishajengwa halina jina la mtu, lakini mlango kila mgeni anaupita. Basi mwezi wa kumi Mwalimu wetu, mwenye utumishi wa miaka yote ile, alikuwa na milango minne na hana hata tofali.

Tuliiegemeza kwenye nguzo za banda na kumwita aione. Aliitazama mmoja mmoja. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini, kisha tukaona kwamba machozi yake si ya kicheko tena. Mimi niliona aibu ambayo bado ninayo. Alipojifuta uso alisema, "Kaka, nipe hili banda." Mzee alikubali kabla hajamaliza kusema. Banda lile liliezekwa mwaka ule wa mgogoro kwa mabati manane kutoka kila nyumba, hivyo hakuna nyumba inayoweza kulidai, na kulitoa hakukumgharimu Mzee kitu.

Waliolijengea kuta ni wanafunzi wake. Nchagwa aliongoza, wakaja wale wakaguzi wa zamani kutoka nyumba zote, kila mmoja na tofali zake, na safari hii hakuna aliyeuliza tofali lipi ni la nani. Walibishana mahali pamoja tu. Kila nyumba ilitaka mlango wake uelekee kwake, kwa hiyo banda lina milango pande zote nne. Seremala aliyekuja kufunga vitasa aliuliza kama hii ni nyumba au ni njia panda.

Jumanne wiki hii Mwalimu alibeba sanduku lake la bati kwa mara ya mwisho. Alikataa kusaidiwa. Jumatano asubuhi, kwa kuwa bado alikuwa na siku mbili za kazi, watoto walikuja kama kawaida, wakajipanga kama tulivyowalea: mistari minne, kila nyumba mbele ya mlango wake.

Tulisikia funguo zikizungushwa ndani. Mlango wa mninga ukafungwa. Wa kioo ukafungwa. Wa kwangu, wa bluu, ukafungwa kwa kishindo. Mwalimu akatokea kwenye ule wa Nyumba ya Tatu, akawaita watoto wote upande huo. "Hii ni Nyumba ya Tano," alisema. "Mlango wake ni huu. Ingieni." Mama Ghati aliuliza kwa nini si wa mninga. "Wifi, wako unakwaruza sakafu," alijibiwa. Tomaso, mdogo kuliko wote wa Nyumba ya Kwanza, alimgeukia mama yake na kungoja ruhusa. Mama Ghati aliutazama mlango ule wa mbao wa kawaida, akatutazama sisi wengine, kisha akamwambia mwanawe, "Si umeambiwa uingie?" Akaingia, na wote wakafuata. Nimeishi hapa miaka kumi na saba na sikuwahi kuona watoto wa nyumba zote wakipita mlango mmoja bila kikao.

Shule mpya inakuja na mtaala mpya, ambao mama wanne wa mji huu wameufungua, wameusoma na hawajauelewa. Tumekwisha kumwomba Mwalimu auangalie, kidogo tu, jioni jioni, baada ya kustaafu.

Mwalimu Wegesa Magige wa Nyumba ya Tano, asante kwa watoto wetu. Utusamehe kwa lile sanduku la kila Januari. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi chini ya bati lako, na siku tukizidi, funga. Funguo zote nne ni zako.