Tundu la Ukurasa wa Mwisho

Benchi la nje ya duka la peremende la Bi Pinsky, pale Brooklyn, lilikuwa na wenyewe. Gino, fundi bomba mstaafu, walimwita Mapafu kwa sauti yake. Moish walimwita Wakili, ingawa maisha yake yote aliuza soksi. Na Irv, jina lake la utani Kuponi, ndiye mwenye kitabu: katuni ya wakati wa vita, kuukuu, yenye tundu la mraba ukurasa wa mwisho. Kaka yake Hesh alikata kuponi ya kuagizia pete ya siri, na picha ya mwisho, iliyochapwa nyuma ya kuponi hiyo, ikaenda na mkasi. Irv alipoangua kilio, Hesh akamwambia, nyamaza, mimi nimeshasoma, nikirudi kutoka vitani nitakusimulia ilivyoisha. Hakurudi. Imepita miaka thelathini, na Irv bado hajui shujaa wa katuni ile, Kipanga wa Shaba, alitokaje ndani ya tangi la maji alimofungiwa na adui yake Daktari Mfereji.

– Alivua nguo, Mapafu akanguruma.

– Nguo tena? Irv akauliza.

– Si wahenga walisema? Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Vazi la shaba zito lile! Kalivua, kaelea juu kama kizibo.

– Mbele ya watoto wanaosoma? Acha uhuni wewe, Wakili akadakia. Tangi lilikuwa na ufa. Na usipoziba ufa, utajenga ukuta. Daktari Mfereji hakuziba, ikambidi aende kujenga ukuta. Kipanga akabaki bila mlinzi.

– Ukuta! Matofali kayatoa wapi?

– Brooklyn hii ukose matofali?

– Basi mimi nimebadili, Mapafu akasema. Maji aliyanywa.

– Tangi zima?

– Ami yangu Carmine alimaliza pipa la divai harusini kwangu, na wala hakuwa shujaa. Alikuwa kinyozi!

Irv alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Kila dhana aliipima kwa mizani ileile: Hesh angesimulia hivi? Hii ya kunywa, labda. Hesh alipenda uongo mnono. Irv alimkumbuka, na ikamuuma.

Hapo akatoka dukani Lourdes, binti aliyehamia juzi ghorofa ya juu, kikombe mkononi. Akainama kukitazama kitabu mapajani mwa Irv.

– Jamani, hiki hata baba yangu anacho! Chake kizima, hakijakatwa popote. Niwaletee kesho?

Mapafu alichungulia kikombe chake. Wakili alianza kufunga kamba ya kiatu iliyokwisha kufungwa. Irv alitaka kusema ndiyo. Neno lilifika mdomoni. Lakini akaogopa. Picha ile akishaiona, Hesh hatakuwa tena na la kuja kumsimulia.

– Kesho nina miadi na daktari wa meno, mwanangu, akasema.

Wenzake wote walijua kwamba Irv hana hata jino moja la kwake.

– Basi keshokutwa?

– Keshokutwa pia, Wakili akamjibu upesi. Meno ya huyu bwana yana kazi kubwa.