Kinyozi Aliyefunika Kioo

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote ambao vichwa vyenu vimewahi kupita mikononi mwa marehemu, tumesimama hapa kueleza maisha ya baba yetu, mliyemzoea kwa jina la Mzee Denge, na kwa kuwa yeye mwenyewe hakuvumilia sifa za kubembeleza, tutayasoma kama alivyoyaishi, bila kuyapaka poda.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1956, mtoto wa tatu kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, ambako baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea, hivyo alizoea kelele za nyundo kabla hajajua maneno. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaacha sifa ya kujua hesabu, na sifa nyingine ya kumnyoa mwenzake nyuma ya darasa kwa wembe wa kuchongea penseli, kosa ambalo mwalimu mkuu alimchapia asubuhi, na jioni akamwita ofisini amnyoe na yeye.

Mwaka 1974 alianza kujifunza kazi kwa mjomba wake, na mwaka 1981 akafungua saluni yake, kiti kimoja, kioo kirefu kutoka ukuta hadi ukuta, na benchi la wanaosubiri kunyolewa pamoja na wasiosubiri chochote, maana humo ndimo mtaa ulimotaniana, kusutana na kuiendesha serikali vizuri kuliko serikali yenyewe. Ndimo pia alimomwona mama yetu, aliyeingia akimburuta kaka yake, akidai kisogo cha kaka huyo kimelimwa badala ya kunyolewa, wakabishana mpaka wateja wakaondoka, na tarehe 12 Septemba 1983 wakafunga ndoa ili waendelee na ubishi huo kihalali. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza muuguzi, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba mwenye shahada, ambaye ajira inamkimbia kama ana deni lake.

Mwezi Aprili 2006 marehemu aliugua homa ya uti wa mgongo, akapona, lakini masikio yote mawili yakazima kama taa. Saluni hakuifunga, kwa sababu kinyozi husimama nyuma ya mteja huku midomo yote ikiwa mbele yake kwenye kioo, naye akajifunza kuisoma midomo hiyo, akawa anajibu utani kama zamani, hata wageni hawakushtuka. Nyumbani ndiko kulikouma, maana akimpa mkewe kisogo au taa ikizimwa mazungumzo yamekwisha, na aliwahi kutuambia kwamba hakuwa na kiu ya muziki wala sauti za ndege, alichotamani ni kusutwa na mama yetu bila kumwangalia.

Tarehe 20 Februari 2012 alifanyiwa upasuaji wa kupandikizwa kifaa cha kusikia, chenye uzi mwembamba unaoingia ndani kabisa ya sikio na kuipelekea neva ya kusikia umeme kidogo, na neva ikiitika, jibu lake huonekana kwenye kompyuta kama kilima. Vilima vya marehemu vilikuwa virefu, vimepangana vizuri, nasi wasomi wa familia, ambao vyeti vyetu vinaliwa na mende kabatini, tukaipiga picha grafu ile, tukairusha kwenye grupu la familia, tukashangilia kwamba mzee anasikia. Kumbe mzee alikuwa anasikia bata wanaogombana ndani ya debe, na kila tulipomjaribu alitusoma midomo akajibu, akaona aibu kutuharibia sherehe.

Aliyemkamata ni mpimaji wa masikio, binti asiye na masihara, aliyeziba mdomo wake kwa faili, akamuuliza swali, akaambulia tabasamu. Ndipo akalishusha faili, akamwambia, "Mzee wangu, neva yako inaitika, lakini kuitika siyo kuelewa, mtu anaweza kuitika 'naam' na asijue ameitiwa nini, ubongo wako haujapewa kazi kwa sababu macho yanaifanya yote."

Kesho yake marehemu alikifunika kile kioo kwa shuka la bluu, mtaa ukapigwa butwaa, wateja wakauliza kinyozi gani huyu anayeficha ushahidi, baadhi wakahamia kwingine, na waliobaki wakaombwa kitu ambacho hakuna kinyozi aliyewahi kuomba, kwamba waongee bila kunyamaza, kwa kasi yao ya kila siku, bila kumpigia kelele. Miezi ikapita kwa bata na debe, mama akashauri shuka liondolewe kabla benchi halijabaki tupu, baba akakataa. Mpaka Jumanne moja ya mwezi Novemba, dereva wa lori akiwa kitini ameinamisha kichwa, akanong'ona, "Leo huyu kiziwi atanitoa kama yai," na nyuma yake ikatoka sauti tulivu, "Yai lina umbo, wewe una kiazi."

Saluni ililipuka kwa kicheko. Marehemu akaweka mashine chini, akavuka barabara hadi nyumbani, akampa mkewe mgongo, akamwambia, "Haya, nisute." Mama akasema, "Mume wangu, umemwacha mtu na nusu kichwa?" naye akalirudia swali hilo neno kwa neno, wakacheka mpaka wakakaa chini, na yule dereva anayetutazama hapo mbele anakumbuka muda aliosubiri.

Mapema mwaka 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa, na wahudumu wote walivaa barakoa, lakini aliwaelewa, akawatania mmoja mmoja. Alhamisi tarehe 4 Mei, mama alikuwa kando ya kitanda akimlalamikia kuhusu zile ndevu alizokataa kunyolewa na kinyozi mwingine, akaona amefumba macho, akanyamaza, naye akasema, "Endelea, nakusikia." Mama akaendelea, na akiwa katikati ya maneno, baba akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, yule binti mpimaji na faili lake, vinyozi wenzake waliofunga saluni zao leo, na majirani mlioongea na kioo kilichofunikwa bila kuchoka. Shuka la bluu tumemfunika nalo. Pumzika kwa amani, Mzee Denge, fumba macho yako, mama yetu hajamaliza kukusuta.