Kanda Sita Ambazo Mwenyewe Hakurudi Kuzichukua: Wasifu wa Marehemu Anyosisye Lusubilo Mtafya (1956–2025)

Tarehe 17 Agosti 1994, siku ya Jumatano, marehemu Anyosisye Lusubilo Mtafya aliandika katika daftari lake la kazi, kibandani kwake Tunduma, kwamba amepokea redio kaseti moja pamoja na kanda sita. Ukurasa huo upo. Mwandiko ni wake, na wino haujafifia. Kwenye safu ya jina aliandika, "Mama Mhindi, gari la kijivu." Kwenye safu ya kasoro aliandika maneno mawili tu: "Sauti inateleza."

Wasifu huu unaanzia hapo kwa sababu familia imekubaliana kutoficha. Wengi waliopo hapa leo wamewahi kupita nyuma ya nyumba ya marehemu wakaongeza mwendo, kwa ajili ya sauti zilizotoka mle ndani. Waliogopa. Marehemu naye aliogopa, na katika miaka miwili ya mwisho aliogopa kuliko wao wote.

Alizaliwa hapa Isongole, wilayani Ileje, tarehe 3 Aprili 1956, akiwa mtoto wa pili wa mzee Lusubilo Mtafya na mama Gwantwa. Daftari la ubatizo linasema 1957. Mama yake alipoulizwa, mwaka 1998, alijibu, "Mchungaji aliandika siku aliyofika yeye, si siku aliyofika mtoto." Familia inashika tarehe ya mama.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1965 hadi 1971. Mwalimu Nathanaeli, aliyefundisha kwaya, alimtoa kwenye mstari wa waimbaji siku ya kwanza, maana sauti yake ilikwaruza kama bawaba kavu. Lakini mwalimu aliona kwamba mtoto huyo anakunja uso kila mwenzake anaposhuka chini ya sauti inayotakiwa. Akamsimamisha mlangoni, kazi yake kuinua mkono mtu akiteleza. "Tulimchukia," anasimulia dada yake Enesi, aliyeimba sauti ya kwanza. "Ule mkono ulikuwa haushuki! Mpaka mgeni rasmi akadhani anaomba ruhusa ya kwenda chooni."

Alijifunza ufundi redio mjini Mbeya kuanzia 1975, na mwaka 1979 akafungua kibanda chake Tunduma, kwenye njia iendayo mpakani. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja hata mara moja: mashine haitoki kibandani mpaka imepiga kanda nzima, pande zote mbili, yeye akiwa amekaa mbele yake na kiganja kimelala juu ya kifuniko. Sikio linadanganyika, alisema, lakini mota ikiyumba kiganja kinajua. Wateja wenye haraka walichoka naye. Watson, mfanyabiashara wa Nakonde, upande wa Zambia, alikuwa akimpigia kelele kutoka barabarani, "Ba Fundi! Hiyo redio niliileta uitengeneze, sikuileta uioe!" Marehemu alikuwa akijibu bila kuinua kichwa, "Upande wa pili bado, bwana. Nenda kale."

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa takatifu na Ikupa Kayange, binti wa hapa hapa Ileje. Mungu aliwajalia watoto watatu: Recho, Asajile na Diana. Bibi Ikupa anakumbuka kwamba katika juma la kwanza la ndoa aliamka akakuta kiganja cha mumewe kimelala mgongoni mwake, kimya, hakisogei. Alimwuliza, "Unanipima?" Naye akajibu, "Ninasikiliza kama unazunguka vizuri." Alicheka sana siku ile. Hakujua kwamba mkono huo huo utakuja kumpa hofu.

Turudi kwenye ukurasa wa 1994. Mama yule alisema atarudi Ijumaa. Marehemu alifungua mashine, akaweka kanda ya kwanza, na akasikia kitu ambacho kwa fundi yeyote wa mpakani kilikuwa na maana moja tu: uzi unapigwa, sauti inatoka, halafu badala ya kukaa mahali pake inahama taratibu, inapanda, inashuka, inazunguka. Hakukuwa na ngoma wala mwimbaji, na ikaendelea hivyo karibu nusu saa. Akahitimisha kwamba mkanda wa ndani unaozungusha kanda umelegea. Akaubadilisha. Sauti ikateleza vilevile. Akabadilisha tena, na tena mara ya tatu; mara zote tatu zimeandikwa. Fundi mwenzake wa kibanda cha jirani, Deus, akamshauri abadilishe mota. Akabadilisha mota.

Hatimaye waliweka kanda ya kwaya ya Deus. Ikaimba sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Wakarudisha ile ya mama Mhindi, na marehemu akalaza kiganja. Deus, aliyeko nasi hapa leo, anasema aliona uso wa rafiki yake ukibadilika.

"Deus, mashine ni nzima."

"Sasa kinachoteleza ni nini?"

"Ni mtu. Anafanya makusudi. Anaiburuza sauti kutoka huku mpaka kule bila kuinyanyua."

"Mtu gani?"

"Simjui. Na mimi siku mbili hizi nilikuwa namrekebisha."

Ijumaa ilipita. Mama yule hakurudi, wala mwaka ule, wala mwingine. Maandishi ya kwenye kanda yalikuwa ya Kihindi, na hakuna mtu Tunduma aliyeweza kumsomea. Marehemu hakuuza mashine ile wala hakuitoa vipuri. Alizisikiliza kanda zote sita, kila wiki kanda moja, kwa utaratibu uleule wa pande mbili, ili mwenyewe akija azikute salama. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliacha kumsubiri mama yule kati ya mwaka wa tatu na wa nne, lakini hakuacha kusikiliza. Baadaye binti yake Recho, muuguzi mjini Dodoma, ndiye aliyetafuta na kumweleza kwamba vyombo vile vinaitwa sitari na sarodi, na kwamba huko kwao mtu husoma miaka ishirini ili aweze kuteleza namna ile.

Mwaka 2012 alifunga kibanda akarudi Isongole. Miaka minne baadaye Recho alimletea flashi na spika ndogo, ndani yake rekodi za watu wanne wapigao fidla mbili, moja kubwa kidogo, na nyingine ya kushikwa magotini. Zilikuwa tungo za watu wanaoishi sasa, wenye kugonga nyuzi, kuzikwangua na kuzinong'onesha. Marehemu alisikiliza dakika mbili akaichomoa.

"Recho, hii flashi nayo imeharibika?"

"Hapana baba. Ndivyo walivyoandika."

"Wameandika mkwaruzo?"

"Wameandika mkwaruzo, na mwingine ameandikiwa akwaruze polepole."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akairudisha, na tangu siku hiyo nyumba hii ilikuwa na muziki wa aina mbili, wa kuteleza na wa kukwaruza. Jirani, mama Nesta, alikuja siku moja na kikapu cha maharage kama mtu anayekwenda kuhani. "Mama Recho," alisema kwa sauti ya chini, "huko ndani nani analia?" Alipoambiwa ni redio hakuamini, na kwa haki yake, redio yake mwenyewe haijawahi kulia namna ile.

Masikio ya marehemu yalianza kupungua mwaka 2021. Mnamo Machi 2023, asubuhi, akiwa anakunywa uji, alimwambia mkewe azime kanda. Bibi Ikupa alimjibu kwamba hakuna kanda iliyowashwa. Marehemu aliinuka, akaenda hadi kwenye mashine na kulaza kiganja. Mashine ilikuwa baridi. Sarodi ilikuwa inaendelea.

Daktari mjini Mbeya alieleza kwa upole kwamba sikio likikosa sauti, ubongo wa baadhi ya watu hujitungia wenyewe, na kwamba huo si wazimu wala si pepo. Marehemu alielewa; alikuwa fundi, na maelezo yalikuwa ya kifundi. Lakini kuelewa hakukuondoa hofu. Aliiacha spika ya Recho, kwa kuwa haina mota na kiganja hakiwezi kuihoji, akarudi kwenye mashine ya 1994. Akamfunga mkewe kwa ahadi. "Ikupa, siogopi sauti. Naogopa kutojua ni ipi. Nikikuuliza kama inazunguka, usinidanganye. Hata siku ninayokufa, usinidanganye."

Tangu siku hiyo Bibi Ikupa aliishi na swali hilo mara kumi, mara ishirini kwa siku. "Inazunguka?" Akiwa anachota maji, anapika, anasali. Kila alipojibu, "Imesimama, baba Recho," alimwona mumewe akijishika kwenye ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye gari lisilo na dereva. Alitamani kudanganya. Alijua pia kwamba akidanganya mara moja tu, mumewe hatabakiwa na mtu wa kumwuliza.

Habari zilienea. Tarehe 19 Oktoba 2024, mdogo wake marehemu, Jofrey, alikuja na kiberiti na dumu la mafuta ya taa. Alikuja kwa upendo. Hilo liandikwe hivyo. "Shemeji, nitolee kanda zile nizichome. Kaka anaondoka huku tunamwangalia." Bibi Ikupa hakubishana. Alimkalisha kwenye kigoda mbele ya mashine, akaweka kanda ya kwanza, akamshika mkono na kuulaza juu ya kifuniko. "Pande zote mbili," alimwambia. "Halafu uchome."

Jofrey alikaa saa nzima na nusu. Marehemu alikuwa kitandani akimtazama. Kanda ilipokwisha Jofrey aliondoa mkono. Alisema, "Kaka, mimi ndiyo naogopa zaidi sasa. Ingekuwa pepo ningejua la kufanya." Marehemu akamjibu, "Karibu, mdogo wangu." Jofrey alirudi nyumbani na dumu lake likiwa limejaa.

Kuanzia Desemba moyo wake ulishindwa na miguu ikavimba. Alilazwa mara mbili, kisha akaomba kurudishwa nyumbani. Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, baada ya saa moja asubuhi, aliomba kanda ya kwanza. Bibi Ikupa aliiweka mashine kitandani, chini ya kiganja chake. Kanda ilikuwa imechakaa. Katikati ya upande wa pili ikakatika. Bibi Ikupa alisikia mashine ikijizima. Kidole cha marehemu kiliendelea kupiga polepole juu ya kifuniko.

"Ikupa. Inazunguka?"

Bibi Ikupa anakiri kwamba alitamani kudanganya kuliko siku zote. Kisha akatimiza ahadi yake. "Imesimama, baba Recho."

Safari hii hakujishika popote. Alisema, "Basi huyu anayepiga ni wangu." Kidole kiliendelea kwa dakika kumi na moja, kwa saa ya ukutani. Alifariki saa mbili na dakika arobaini.

Marehemu ameacha mjane, Bibi Ikupa, watoto watatu, Recho, Asajile na Diana, wajukuu watano, dada yake Enesi na mdogo wake Jofrey. Kanda tano nzima na moja iliyokatika zitabaki na Recho. Jofrey ameomba zisichomwe. Ameomba pia zisiletwe kwake.

Udongo wa Isongole umpokee kwa upole, na Bwana ampe pumziko la amani.

Jina la mama aliyeacha mashine halijapatikana. Mpigaji wa kanda ya kwanza hajatambuliwa. Kile marehemu alichokisikia katika dakika zile kumi na moja hakijulikani, wala haijulikani kama bado alikuwa anaogopa.