Mama Kufuli Akabidhi Majina ya Watu Elfu Kumi na Moja

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi, Mama Kufuli anastaafu. Aliingia katika chama chetu cha akiba na mikopo akiwa karani wa muda wa masjala, kwa mkataba wa miezi mitatu. Anatoka akiwa mkuu wa kumbukumbu za wanachama elfu kumi na moja. Umri wake hatuutaji. Tuliuandika katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu, akaurudisha ukiwa umefutwa kwa wino mwekundu, pamoja na mtaa anakoishi.

Walioajiriwa miaka hii ya karibuni wanamjua akiwa ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Sisi wakongwe tunaikumbuka masjala ilipokuwa chini, ubavuni mwa ngazi, dirisha lake moja likitazama maegesho ya baiskeli. Makabati ya chuma yalipangwa ukuta hadi ukuta. Feni ililia kama mtu aliyecheleweshewa mshahara, na mlango ulizuiwa kwa tofali usijifunge. Kila mwanachama alikuwa na jalada lake: fomu, picha mbili, nakala ya kitambulisho, sahihi, jina la mama mzazi, jina la mrithi. Watu waliacha pale siri ambazo hawajawahi kuzitaja nyumbani kwao.

Siku moja mke wa mwanachama alikuja kwa upole mwingi kuuliza kama mumewe amemwandika yeye kuwa mrithi au amemwandika mama yake. Mama Kufuli alimkaribisha kiti, akampa maji, akamwambia, "Shemeji, mimi hapa nasoma majina ya nje ya jalada tu. Ya ndani yana mwenyewe." Yule mama aliyanywa maji, akacheka, akaondoka. Jibu la swali lake hatulijui hadi leo.

Wengi hudhani jina la Kufuli limetokana na rundo la funguo analovaa kiunoni. Miaka sita ya kwanza hakuwa na hata ufunguo mmoja. Jina hilo lina chanzo kingine, na mwenyewe ametuomba tukisimulie. Tuseme kweli: ametuamuru.

Ilikuwa Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Simu ya masjala iliita. Mwanamume mwenye sauti ya heshima alisema anapiga kutoka ofisi ya pensheni. "Dada yangu, nina mwalimu mstaafu amesimama hapa tangu asubuhi, miguu imemvimba, na jalada lake halionekani. Nisaidie namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa tu, mama wa watu akapumzike." Akamtaja mwalimu huyo kwa jina kamili. Karani wetu, ndiye Mama Kufuli wa leo, alimhurumia, akafungua kabati, akasoma. Mpigaji akaomba na jina la mama mzazi. Akasoma hilo pia. Akaombewa baraka, simu ikakatwa. Yote hayo hayakufika dakika nne.

Miezi mitano baadaye mwalimu mwenyewe alifika kaunta akiwa na hati ya pensheni mkononi. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote na hakuwa mtu wa kudanganywa na tarakimu. Karibu theluthi ya pensheni yake ilikuwa ikikatwa kulipia mkopo asioujua. Ilibainika kwamba tawi letu la pili lilikuwa limemkopesha mwanamke aliyekuja na kitambulisho chenye jina, namba na tarehe ya mwalimu, ila picha haikuwa yake. Alipoulizwa jina la mama mzazi ili kuthibitisha, alilitaja bila kusita.

Kamati ya mikopo haikumwamini mwalimu. Habari zote zimelingana, walisema, na habari kama hizo hujulikana na mtu wa nyumbani tu. Mjumbe mmoja akamwambia, "Mwalimu, kikulacho ki nguoni mwako. Nenda kawaulize wanao."

Akaenda, akawauliza. Mwanawe mkubwa, fundi magari, wakati huo alikuwa na shida zake na aliwahi kumwomba mama yake amdhamini. Shaka ikamwangukia yeye. Wakatupiana maneno mazito, na fundi akaacha kukanyaga nyumbani kwa mama yake.

Kamati ilipoagiza jalada la mwalimu, karani wetu ndiye aliyelitoa kabatini. Anasema alipoliona lile jina la mama mzazi, lisilo la kawaida, aliisikia tena sauti ya simu. Hakuna mwingine aliyejua habari za simu ile. Alikuwa na watoto wawili wadogo, na barua yake ya kupandishwa cheo ilikuwa mezani kwa meneja ikisubiri sahihi. Jioni akamweleza mumewe, ambaye ni fundi cherehani. Mumewe aliendelea kushona mpaka akamaliza pindo, kisha akasema, "Ukisema, huenda tukakosa mshahara. Usiposema, utakuwa unarudi hapa na huyo mwalimu kila siku, na nyumba yetu ni ndogo."

Mimi ninayeandika haya ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za kikao kilichofuata. Aliingia na jalada kifuani, na kabla hajaulizwa lolote akasema, "Habari hizi hazikutolewa na mtoto wa mwalimu. Nilizitoa mimi, kwa simu, kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu aliniita dada." Meneja akamuuliza kama anaelewa anachokisema. Akajibu kwamba anaelewa. Kalamu yangu ilikuwa imesimama. Ilibidi ayarudie maneno yake ndipo niyaandike.

Mkopo ulifutwa na mwalimu akarudishiwa makato yake yote. Karani alipewa barua ya onyo, cheo kikaenda kwa mwingine, na kwa miaka miwili mshahara wake haukuongezeka. Aliipokea barua ile, akaenda mwenyewe kuiweka katika jalada lake.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Alikwenda nyumbani kwa mwalimu kuomba radhi. Mwalimu alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, bila kumkaribisha ndani. "Pesa mmenirudishia," akamwambia. "Mwanangu nilimwita mwizi. Hilo nani atanirudishia?" Siku ya pili karani akaomba ruhusa, akapanda basi hadi karakana ya yule fundi, akasubiri mpaka alipotoka chini ya gari, akamsimulia kila kitu tangu simu ilipoita. Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, hata ikawa dhahiri kwamba hafuti grisi. Jumapili ile alikwenda kwa mama yake, na hakwenda mikono mitupu: alimtengenezea bawaba ya mlango iliyokuwa imelegea tangu wagombane.

Mwaka uliofuata mwalimu alikuja masjala mwenyewe, akavuta kiti, akaomba karatasi. Alitaka kumfundisha karani hesabu ya wizi ule. Aliandika: mwizi, simu moja, dakika nne. Chama, vikao vitatu na mkopo mmoja uliopotea. Mwenye jina, safari kumi na tisa za kwenda ofisi hii na ile, miezi minane ya kuonekana tapeli, na mtoto aliyekaribia kumpoteza. Akapiga mstari chini, kama ilivyo desturi ya walimu wa hesabu, lakini hakuandika jumla. Akamwambia, "Unaona kwa nini wizi huu hautakwisha? Mwizi hagharimiki, na aliyezimwaga habari hagharimiki sana. Anayelipa ni yule ambaye hakuwepo chumbani simu ilipopigwa."

Kutoka hapo alizaliwa Mama Kufuli tunayemjua. Alidai mlango wenye kitasa, akapewa. Alipiga marufuku kusoma jalada kwenye simu: anayepiga ataje ofisi yake, sisi ndio tutampigia kwa namba iliyo kwenye daftari letu. Mwenyekiti mmoja wa bodi aliwahi kupiga akitaka namba ya mwanachama, akaambiwa akate simu asubiri. Mama Kufuli alipompigia, simu ikaita chumba cha pili, kwa sababu mwenyekiti alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta. Alikasirika mpaka saa saba, halafu akaanza kuisimulia habari hiyo kila mahali kama sifa yake mwenyewe.

Mama Kufuli aliponunua karanga nje ya ofisi zikiwa zimefungwa kwa fomu ya mwanachama wetu, yenye sahihi na kila kitu, alizinunua zote, na makaratasi yote ya yule muuzaji. Wiki hiyo tulikula karanga hadi tukachoka, na ofisi yetu ikaacha kuuza karatasi kuukuu kwa kilo. Kompyuta zilipokuja, aligoma kuhamisha majalada mpaka aelezwe kwa nini kila keshia aweze kuona kila kitu cha kila mtu. Mtaalamu wa mitambo alibishana naye wiki tatu, akashindwa, na leo wanaitana mtu na dada yake. Fomu yetu ya kujiunga ilikuwa na maswali arobaini na mbili. Sasa ina kumi na tisa. Mengine aliyafuta kwa swali moja aliloiuliza bodi, moja baada ya jingine: "Hili tunalihitaji la nini?"

Mwalimu ametangulia mbele ya haki, na fundi ni mwanachama wetu. Akija ofisini hupitia masjala kwanza.

Ijumaa iliyopita Mama Kufuli alikabidhi. Funguo zilihesabiwa, madaftari yakatiwa sahihi. Kisha akamwomba mtaalamu wa mitambo afute ruhusa yake ya kuingia kwenye kumbukumbu. Mtaalamu akasema ruhusa itajifuta yenyewe mwisho wa mwezi, asiwe na haraka. "Futa sasa, nikiona," akasema. Ikafutwa. Akavaa miwani, akaketi kwenye kiti chake, akaandika jina lake na neno lake la siri taratibu, kidole kimoja kimoja, akabonyeza. Kompyuta ikamkataa. Akajaribu tena, ikamkataa tena.

"Vizuri," akasema, akachukua mkoba wake.

Dada yetu, umetutunza bila kutuchungulia. Tunakushukuru, sisi na wale elfu kumi na moja ambao wengi wao hawajui kuwa uliwalinda. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha, na miaka mingi ya kukaa na wako kwa amani.